Minazi Iliyopandwa kwa Kofia

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nilipokuwa mdogo nilifukuzwa jikoni mara nyingi kwa sababu ya maswali, na mpaka leo, mtu mzima mwenye kazi ya ofisini na watoto wawili, sijapona. Kwa hiyo nilipogundua kwamba mama mdogo, mdogo wake mama yangu, hupotea siku nzima kila akimaliza kushona kofia, sikupata raha mpaka nijue anakwenda wapi.

Anakaa Mji Mkongwe, chumba cha juu, na mume wake wa pili. Mume huyu ni mtu mwema, anamlisha na kumvisha, na hilo ndilo lililonitatiza. Mama mdogo hushona zile kofia za mkono zenye viua vidogo vidogo, na moja humchukua miezi miwili au mitatu. Ikiwa tayari huipeleka Darajani kwa mwenye duka. Lakini sijamwona na bangili mpya, wala kanga za sikukuu hanunui kwa pesa yake. Anachorudi nacho ni vumbi jeupe kwenye viatu.

"Pesa za kofia unazipeleka wapi?" nilimwuliza siku moja.

"Nnazifukia," akasema, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa anazifukia kweli, Kizimkazi, kwenye shamba la marehemu babu.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, akarudi Kizimkazi na begi moja kukaa kwa kaka yake, mjomba wangu. Babu alikuwa ameshafariki, na shamba lilikuwa mikononi mwa mjomba. Mama yangu na mama mdogo walikuwa na mafungu yao humo, lakini kwetu dada anaona haya kudai fungu kwa kaka. Anamwachia, ili siku mambo yakimharibikia awe na pa kurudi. Basi mama mdogo akarudi, akakaa miaka miwili. Hakuna aliyemtukana. Ila aliniambia kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kuongeza wali kwenye sahani yake bila kutazama kwanza nani anamwangalia. Mimi nilisikia uchungu kuliko yeye aliyekuwa akisimulia.

Ikaja posa ya pili. Siku ya nikaha, mjomba akaingia ndani na mashahidi wawili kumwuliza dada yake kama ameridhia. Nje watu wamekaa, sheikh anasubiri, pilau inapoa.

"Nimeridhia," mama mdogo akasema kutoka ndani ya mtandio wake. "Na mie nna ombi moja. Unipe ruhusa nipande minazi shambani, iwe yangu."

Mjomba akacheka mpaka mashahidi nao wakacheka. Bibi harusi gani huyo, anawaza minazi! "Panda," akamwambia. "Nani kakuzuia?" Akatoka haraka. Alichosahau kwa haraka ile ni kwamba kwetu ardhi yaweza kuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mti uliosimama juu yake ukawa wa mwingine. Na ruhusa ilikuwa imeshatoka, mbele ya mashahidi.

Nilikwenda naye mara moja kumtazama akipanda. Ardhi ile ni mawe matupu. Mtu akitaka shimo anamlipa kijana mwenye sululu, na udongo unaletwa kwa magunia ya polo kutoka kwingine. Mama mdogo alifunga doti tatu za kanga ncha kwa ncha, akapima kutoka mnazi hadi mnazi, na pale kanga ilipoishia ndipo palipovunjwa jiwe, hata kama hatua mbili pembeni palikuwa na udongo mzuri wa bure. Nilimwambia anajitesa. Akaniambia nishike ncha ya kanga na ninyamaze. Kila kofia ilizaa minazi miwili au mitatu, na miaka ikaenda hivyo.

Mwaka jana mjomba akapata mnunuzi, mtu anayetaka kujenga hoteli. Alipiga simu kwa furaha kutuarifu kwamba shamba linauzwa lote, na minazi yake. Mama mdogo aliweka simu chini, akarudi kwenye kofia yake. Akakosa tundu la sindano mara tatu, yeye ambaye hutunga uzi bila miwani.

Kesho yake tulikuwa Kizimkazi. Alikuwa amemwomba sheha, msimamizi wa serikali pale kijijini, aje aandike miti ni ya nani. Nilimwamkia mjomba shikamoo, akaitikia marahaba huku akiwa ametazama pembeni.

"Mingi ya hii imejiotea," mjomba akamwambia sheha. "Nazi zinaanguka, zinaota. Mambo ya Mungu."

Sheha akasimama mwanzo wa safu ya kwanza, akafumba jicho moja. Akaenda ya pili, akafanya hivyohivyo, na ya tatu. "Mzee," akasema, "nazi zikianguka hazijipangi hivi. Tena kwenye mawe." Akaandika safu tatu jina la mama mdogo. Nikashusha pumzi. Mjomba aliona haya, na nadhani pia alimwogopa kidogo dada yake kwa mara ya kwanza.

Ilibaki safu ya nne, ile ya karibu na kisima, minazi saba yenye afya kuliko yote.

"Hiyo si yangu," mama mdogo akasema.

Nilimkata jicho. Nilijua ameshika kanga pale pia, maana vipimo vilikuwa vilevile.

"Haya, basi ni yangu," mjomba akasema, uso ukamrudia.

"Hiyo yangu mie."

Aliyesema alikuwa mke wa mjomba. Alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga. Mwanamke huyu nimekula mikononi mwake tangu sijaota meno, na sikumbuki kama niliwahi kumsikia akimpinga mumewe hata juu ya chumvi.

"Yako tangu lini?" mjomba akauliza.

"Tangu alipoanza wifi. Mara nyingine akija na miche yake, mmoja alikuwa akiniletea mie. Nami namwagilia yote." Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Wifi alirudi hapa na begi lake, nikamwona alivyokuwa akila. Mie kwetu ndugu zangu wameshauza. Nikiachwa, pa kurudi sina."

Mjomba alikuja kuikana minazi ya dada yake, akakuta na ya mkewe.

"Niandike jina gani?" sheha akauliza.

Tukamtazama sote. Kwangu siku zote alikuwa mke wa mjomba, kwa mama mdogo ni wifi, kwa kijiji ni mama wa fulani. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, matatu, polepole, ili sheha asikosee. Niliona aibu, kwa sababu mimi niulizaye kila kitu sikuwahi kumwuliza hilo.

Sheha akasema bila ridhaa ya wanawake hawa wawili hakuna mauzo, akakunja karatasi. Mjomba akabaki amesimama na mkewe karibu na kisima.

"Miaka yote hii," akamwambia kwa sauti ya chini, "ulidhani ntakuacha?"

"Sikudhani kitu," akajibu. "Nlipanda tu."