Moduli Iliyokataa Kusoma

Bi mmoja aliyenisomesha Kiswahili nikiwa mwanafunzi hapa Chokocho alikuwa akipoteza macho. Wakati huo nami nilikuwa nimeshakuwa mwalimu mwenzake, nasomesha kompyuta. Yeye alikuwa akichapa kwenye kompyuta ya shule ngano alizosimuliwa na mamake kule Mgogoni. Vidole vilijua herufi zilipo, ila hakuweza kuyasoma aliyoyaandika.

"Mwanangu," aliniuliza, "hiki kitu hakiwezi kunisomea?"

Nikatafuta. Mtu mmoja wa mbali alikuwa ametengeneza moduli ya kusoma Kiswahili kwa sauti, akaiweka mtandaoni bure. Moduli ni kipande cha programu unachokiongeza kwenye lugha ya kuandikia programu za kompyuta ili usianze kila kitu mwenyewe. Shuleni hakukuwa na intaneti, nikaenda mjini Mkoani kuipakua kwenye flashi. Kuifunga kwenye kompyuta, ikakataa: yataka moduli nyingine. Nikarudi Mkoani. Ile nyingine nayo ikataka ya tatu.

Hatimaye kompyuta ikasema. Bi alisikiliza, mikono mapajani.

"Yasoma kama mgeni," akasema, "lakini yasoma."

Tangu hapo alikuja kila baada ya sala ya adhuhuri, akisikiliza na kusahihisha.

Kisha umeme ukaruka, kompyuta ikaungua. Tuliyoletewa badala yake ilikuwa na toleo jipya la ile lugha, na moduli yetu haikukubaliana nalo. Nikarudisha toleo la zamani, nalo likagoma. Nikamwandikia mtengenezaji. Chini ya ukurasa wake wengine walikuwa wameshauliza swali langu, na hapana aliyejibiwa. Nikaifungua moduli yenyewe, nikabadilisha hapa na pale. Ilitoa mkwaruzo, ikanyamaza.

Nilipomweleza, aliuliza, "Kwani aliyeitengeneza kafa?"

"Sijui, Bi."

"Basi tumuombee. N'shazoea, mwanangu, usijisumbue."

Aliendelea kuchapa bila kusomewa, mpaka akastaafu. Ngano zake ninazo. Katika ile ya mwisho vidole vilipotea njia, na kurasa nzima ni herufi zisizo neno. Nilimfuata nyumbani kumuuliza palikuwa na nini pale. Alianza kuisimulia, akaishia njiani.

"Nilikuwa nayo yote," akasema. "Sasa mwanzo tu ndio nnaoukumbuka."