Kitabu cha Minazi ya Diani

Mjomba wangu Mbwana Shutu alitunza vitabu vya serikali pale Kwale miaka ishirini na mmoja, na sijapata kuona mtu aliyeheshimu karatasi kama yeye. Alikuwa akitia udhu kabla ya kufungua kabati. Mkewe, Chiku, akimtania kwamba heri angezaliwa kitabu, naye apanguswe vumbi kila asubuhi.

Alichokijali zaidi ni kitabu cha minazi. Kwetu mwenye ardhi si lazima awe mwenye mnazi. Mtu hupanda katika shamba la mwenziwe kwa ridhaa, na mti ukawa wake na wa wanawe. Kitabu kile kilieleza nani alipanda wapi, na mashahidi wake wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka 1955 ikaja barua: vitabu vyote vya zamani vipelekwe Nairobi, makao makuu ya serikali. Wazee wa Kwale wakakataa. Wakaandika kwamba minazi iko huku na wanaoigombania wako huku. Nairobi ikajibu kwamba vitabu ni mali ya serikali, tena huku pwani vitaliwa na wadudu. Mwisho wakakubaliana aje afisa avitazame. Akivikuta salama, vitabaki.

Siku hizo Mwanatumu binti Fondo, mjane wa Diani, alikuwa na kesi. Matano, mwenye shamba, alikuwa amemwuzia Mzungu ardhi ya kujenga hoteli, pamoja na minazi arubaini iliyopandwa na babake Mwanatumu. Mama yule hakuwa na ushahidi mwingine ila kitabu kile.

Siku zote mjomba alitia majani makavu ya mwarobaini kati ya kurasa kuzuia wadudu, kama mama zetu wafanyavyo kwenye masanduku ya nguo. Safari hii hofu ilimshika. Akachuma mabichi, akayajaza tele. Haraka haraka haina baraka, na mimi namlaumu mpaka leo, ingawa nampenda. Afisa alipofungua alikuta madoa ya kijani na ukungu.

"Hivi ndivyo mnavyotunza?" akauliza.

"Bwana, ile ni dawa," mjomba akasema. Afisa akafunga kitabu. Kesho yake vitabu vikapakiwa kwenye lori.

Kwenye kesi mjomba alisimama akaitaja minazi yote arubaini, mmoja mmoja, na mashahidi wake. Hakimu alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba kumbukumbu ya mtu si kitabu. Mwanatumu akashindwa.

Nakala ya kitabu iliyoombwa Nairobi kwa ajili ya kesi ilifika baada ya miezi saba, safi, ina mhuri. Mjomba akashuka nayo Diani, nami nikafuatana naye. Tulimkuta Mwanatumu shambani, akaipokea kwa mikono miwili. Hakujua kusoma.

"Yasemaje, kaka?"

"Yasema ni yako yote, dada. Yote arubaini."

Mwanatumu akashukuru, akatafuta pa kumkaribisha mgeni wake, akampangusia kisiki kimoja kati ya arubaini.