Nilipokuwa Mchunguzi wa Ndoa, Butembo na Beni

Siku ya kwanza kazini, Chef de bureau, yaani mkuu wa ofisi, aliniuliza kama nimeolewa. Nikajibu ndiyo. Akaniuliza, "Nani anajua?"

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini askari walikuwa wamelala madarasani mwetu na kuchoma madawati ili wapikie. Mtu wa kanisani akaniambia kuna ofisi mjini Butembo inayotafuta mama anayejua Kifaransa, Kiswahili na Kinande. Basi nikamjibu Chef kwamba mume wangu anajua, majirani wanajua, na pasta anajua.

"Bwana yako anaweza kudanganya," akasema. "Majirani ni barafiki yako. Pasta ni mutu ya kwenu. Mi nakuona leo mara ya kwanza. Juu ya nini nikuamini?"

Nikaanza kupekua mfuko wangu nitafute cheti.

"Bien," akasema Chef. "Hivi njo tunafanyaka kazi hapa."

Ninyi vijana mnaoomba viza kwa simu hamwezi kujua mambo yalivyokuwa. Nchi ilikuwa imekatwa vipande. Sisi tulikuwa chini ya waasi, na Kinshasa ilikuwa mbali kama mwezi. Mwanamume aliyekimbilia Ulaya au Amerika, akapata karatasi za ukimbizi, aliruhusiwa kumwombea mkewe na watoto viza ya kumfuata. Lakini ubalozi uliotufaa ulikuwa Kampala, na watu wa ubalozi hawakuamini cheti chochote kutoka kwetu, kwa sababu kila aliyekamata mji alichonga mihuri yake. Ndiyo maana waliitegemea ofisi yetu. Sisi tulifanya anketi, yaani kwenda nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba mke ni mke kweli na watoto ni watoto kweli.

Majina yetu yenyewe yaliwatia wazungu wasiwasi. Kwetu Wanande, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, msichana wa kwanza ni Masika kama mimi. Baba na watoto hawafanani jina, na mtaa mmoja una akina Kambale wa kujaza lori. Kwa hiyo hatukuuliza majina sana. Tuliuliza mambo ya ndani. Nani alipeleka mbuzi wa mahari? Mumeo ana alama gani mwilini? Siku ya harusi kulitokea nini? Mume alikuwa ameulizwa yale yale kule aliko, na kazi yangu ilikuwa kuona kama maneno yanakutana.

Kazi hiyo haikunipatia marafiki. Wakati wa vita, mtu anayepita akiuliza nani analala wapi si mtu mwema. Nikibisha hodi, redio ilizimwa. Kule Kirumba, mji wa kusini, askari wa kizuizi cha barabarani alinisimamisha na kuniuliza natumwa na kundi gani. Nikasema natafuta ndoa za watu. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaupekua mfuko wangu mpaka kwenye mshono. Nami nikazoea kushuku. Nikiona mke anajibu haraka, nilijiuliza nani amemfundisha. Akisita, nilijiuliza anaficha nini. Hata mume wangu aliniambia siku moja mezani, "Masika, mbona unaniangalia kama dosie ya ofisini?"

Katika miaka ile ilikuja dosie ya Kahindo.

Mumewe Kambale alikuwa fundi wa redio, mtu wa Butembo, aliyetorokea Kampala na kutoka huko akachukuliwa kwenda Kanada. Alimwomba mkewe na binti yao Esta, mtoto mdogo bado. Nilimkuta Kahindo nyumbani kwa wakwe zake. Mama mkwe alinipokea kwa viazi vya moto na maharage, akanikalisha kwenye kiti kizuri, akaketi karibu nasi kama mwenye mzigo anayeulinda.

Nikauliza harusi ilifanyika wapi. Kahindo akajibu, "Kanyabayonga."

"Kahindo!" mama mkwe akaruka. "Si Kirumba? Unasahau namna gani?"

Nilimwomba mama mkwe atupishe. Akatoka shingo upande, akasimama nje ya dirisha. Nikaendelea. Mume alikuwa ameeleza kwamba ana kovu la moto kwenye mkono wa kulia. Kahindo akasema hana alama yoyote. Mume alisema aliyepeleka mbuzi ni mjomba wake. Kahindo akasema hajui, mambo ya mbuzi ni ya wanaume. Alisema yote hayo bila kutetemeka, akiniangalia usoni.

Nilitoka pale na moyo mzito. Nilimwambia Chef, "Huyu si bibi yake. Familia inataka kupitisha mutu mwingine."

"Labda," akasema Chef. "Enda Kirumba."

Nilipanda lori la ndizi. Kirumba nilimtafuta mjomba wa Kahindo, mzee aliyeuza chumvi na sabuni sokoni, na sikumwambia nimetoka wapi mpaka tulipozungumza habari za mvua. Nilipotaja Kahindo akachangamka. Harusi? Ilikuwa pale pale Kirumba! Mvua ilinyesha mpaka lori la bwana harusi likakwama matopeni, na bibi harusi akashuka na gauni lake akatembea mpaka kanisani. Wauza mboga wakadakia kutoka meza ya pili. Mmoja alimwazima kandambili. Mwingine alilikumbuka hata kovu la Kambale, kwa kuwa alikunja mikono ya shati wakati wa kusukuma lori.

Basi alikuwa mke kweli, na alijua majibu yote. Hapo nikashuku zaidi. Anayetaka viza husema uongo ili aipate. Nilikuwa sijaona anayesema uongo ili aikose.

Nikamuuliza mzee kama kuna jambo baya lililompata Kahindo. Alipanga sabuni zake upya kabla ya kujibu.

"Alipoteza kaka yake, Kasereka. Alikuwa anapeleka kahawa. Askari balimushusha mu lori pale Alimbongo, bakamuua. Lori ilikuwa imejaa batu, lakini balimwita yeye tu. Kwa jina yake."

"Nani alijua kama anapita siku ile?"

Mzee akanitazama kana kwamba ananiona upya. "Mama, mi nauzishaka sabuni tu," akasema.

Niliporudi Butembo sikwenda kwa wakwe. Nilimfuata Kahindo sokoni alikouza unga wa muhogo. Nilisubiri mteja wake aondoke, nikamwambia, "Nimetoka Kirumba. Ulinidanganya."

Hakushtuka. Akajipangusa unga mikononi. "Andika basi kama mi si bibi yake. Utakuwa umenisaidia."

"Juu ya nini hautaki kwenda?"

Alichungulia pande zote mbili za meza yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Kinande, nami nayaleta maneno yake kwa Kiswahili. Asubuhi ya siku aliyouawa, Kasereka alikula kwake. Aliwaambia yeye na Kambale, hao wawili tu, kwamba amebadilisha lori kwa sababu analiogopa lile la kwanza. Alipoondoka, Kambale alisema anakwenda kununua betri za redio. Akarudi bila betri. Jioni habari ikafika. Wiki haikuisha, Kambale naye akasema maisha yake yako hatarini, akakimbia.

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza nini? Sina ushahidi. Niliona mtu ametoka kununua betri, akarudi bila betri. Labda duka lilikuwa limefungwa. Kila siku najiambia duka lilikuwa limefungwa." Akafunga mfuko wa unga, akaufungua tena. "Lakini niende mahali nisipomjua mtu mwingine yeyote, nilale kando yake na neno hilo? Na nikilisema hapa, Esta atakuwa mtoto wa mtu aliyeuza watu kwa askari. Wadogo zake Kambale wanakula na askari. Nikikataa bila sababu, watauliza sababu. Ndiyo maana nikaona wewe ndiwe utakayenikatalia."

Nitasema kweli: hata hapo sikumwamini moja kwa moja. Kazi ilikuwa imeniharibu. Niliwaza labda ana mwanamume mwingine mjini. Nilizunguka siku kadhaa nikiuliza uliza. Sikupata mwanamume. Nilipata kwamba kila Jumapili baada ya ibada aliikwepa njia inayopita mbele ya duka moja la vifaa vya redio, akazungukia bondeni penye matope.

Nilimweleza Chef. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mama Masika, ubalozi inatuuliza swali moja tu. Ni bibi yake ao hapana? Ni bibi. Andika."

"Nikiandika ni mke, wakwe watampandisha gari kesho."

"Na ukiandika si bibi, umedanganya. Na yeye atabaki mwizi wa viza mpaka kufa, na mutoto pia."

Alisema kweli. Nilikaa na maneno yake mchana kutwa. Niliona kwamba katika maswali yetu yote, ya mbuzi na ya makovu, hakuna hata moja lililomuuliza mwanamke kama anataka. Mume anaomba, ubalozi unajibu, mke anasafirishwa. Niliandika kwamba ndoa ni ya kweli. Chini yake nikamwomba Déléguée, yaani mjumbe, mama mwenye cheo aliyekuja kutoka Kampala kuwahoji wake kwa mara ya mwisho, amwone Kahindo peke yake na amuulize nia yake. Chef alisoma, akaguna, akatia sahihi.

Mahojiano yalifanyika Beni, kwenye tawi letu. Wakwe walikuja na Kahindo, mama mkwe pamoja na mdogo wake Kambale aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Déléguée aliposema mke aingie peke yake na mkalimani, kijana akasimama.

"Sisi ni familia. Kuko siri gani?"

"Hiyo njo kanuni," akasema Chef, akaweka kiti chake mbele ya mlango na kukikalia. Hakukuwa na kanuni kama hiyo.

Ndani, Déléguée aliuliza kwa Kifaransa, nami nikatafsiri: "Mumeo anakuomba. Wewe mwenyewe unataka?"

Kahindo aliangalia mlango. "Jibu yangu itatoka inje ya hii chumba?"

Déléguée akasema haitatoka. Kahindo akanigeukia. "Na weye?"

"Haitatoka," nikasema.

"Basi, hapana. Siende."

Hakueleza sababu na Déléguée hakuuliza. Nje, familia iliambiwa tu kwamba ombi limekataliwa. Mama mkwe alikaa chini sakafuni. Kijana alivua miwani, akanitazama mimi, si Déléguée.

Toka siku ile nikawa mla rushwa. Ilisemwa Butembo nzima kwamba nafasi ya Kahindo nilimpa mdogo wangu, ingawa mdogo wangu alikuwa anafundisha Oicha na kila mtu alimwona. Nilirushiwa mawe kwenye bati. Mume wangu alinishauri nijitetee. Ningejitetea na nini? Nilikuwa nimetoa neno langu. Kahindo mwenyewe tukikutana barabarani alinipita kama asiyenijua, na nilielewa.

Jambo moja lilibaki kunisumbua. Ombi likikataliwa, mume alikuwa na haki ya kukata rufaa, na waume wote niliowajua walikata, wengine mara mbili, tatu, kwa hasira na machozi. Kambale alipewa habari na ofisi. Hakukata rufaa. Hakuuliza hata kwa nini.

Niliifanya kazi ile mpaka amani ya kwanza ilipoletwa, nikafanya nyingine ya kufanana nayo Beni, chini ya ma-chef watatu, kisha miguu ikachoka nikastaafu. Watu hunijia kuniuliza namna ya kujibu maswali ya ubalozi. Nawaambia waseme kweli, na kwamba mchunguzi mzuri hushuku kila kitu, pamoja na lile analotamani liwe kweli. Mimi sijui Kambale alifanya nini asubuhi ile. Nilitafuta kwa miaka yote niliyokuwa na kazi, na sikupata mtu mwenye kujua. Nikisema ni yeye, nitakuwa nimefanya walichofanya wale wa Alimbongo: kumwita mtu kwa jina mbele ya watu.

Mwaka uliopita Esta aliolewa. Kadi ilifika kwangu, nikadhani imekosea nyumba. Baba yake alikuwa ametangaza kwamba atakuja kupokea mbuzi wa mahari ya binti yake. Alifika Kampala, akatuma habari kwamba tumbo linamuuma, akarudi. Nilikwenda kwa woga, nikakaa nyuma karibu na masufuria. Kahindo aliniona. Alinishika mkono mbele ya watu wote, akanipeleka mpaka walipoketi akina mama wa bibi harusi.

Mama mkwe alikuwa hapo, mzee sana sasa, na macho yake bado makali. "Kahindo," akasema, "huyu si ule mama alikatalaka dosie yetu? Unamuleta hapa juu ya nini?"

"Haikuwa yeye, mama," Kahindo akasema. "Ni mi njo nilikatala."

Wanawake waliokuwa wakigawa chakula walisimama na miiko mikononi. Mama mkwe alimtazama. Nilijua sura ile. Niliiona miaka mingi kwa watu wanaojua jibu na wanaogopa swali.

"Juu ya Kasereka?" akauliza.

Mama mkwe alishusha kichwa, akavuta kiti chake pembeni taratibu, mpaka nafasi ikatosha mtu mmoja, akanionyesha niketi.