Chusa cha Ujarneq

Hakuna kitu kilichomkera Abelone kama mgeni anayeishangaa mashine ya kadi. Kila mwaka barafu ya bahari ilipovunjika, meli za watalii zilitia nanga mbele ya kisiwa chetu na kutapika makoti mekundu, nayo makoti yakapanda moja kwa moja hadi dukani, duka pekee tulilo nalo upande huu wa Grinlandi. Walichukua pakiti ya biskuti, wakagusisha kadi ya benki, mashine ikalia, nao wakatazamana kana kwamba maiti amepiga chafya.

"Hata huku inafanya kazi!"

"Ulidhani tunalipana kwa meno ya dubu?" Abelone alimuuliza kila mmoja wao. "Haya sogea, wenzako wanangoja."

Mimi ndiye niliyekuwa nikipanga makopo katika duka hilo, na miaka yote hiyo sikumwona akimchekea mgeni. Wala mwenyeji. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo, na tangu mumewe, Ujarneq, alipozama barafuni pamoja na mbwa wake, mdomo ule ulizidi makali.

Aliyeuweza alikuwa mtu mmoja tu, mtoto wa shemeji yake Boas. Alizaliwa muda mfupi baada ya msiba, akapewa jina la marehemu, na kwetu ukishapewa jina la mtu, wewe ndiye huyo mtu. Hatuigizi. Alikuwa msichana wa miaka sita, meno ya mbele yameng'oka, lakini Boas, baba yake mzazi, alimwita kaka, na Abelone alimwita mume wangu. Akiingia dukani alivutiwa kiti.

"Mume wangu, umekula?"

"Bado."

Hapo tena hata kama foleni imefika mlangoni, wateja walingoja mpaka mume wa Abelone ale.

Boas na Abelone hawakuwa na salamu. Boas alikwisha kusema mbele ya watu kwamba kaka yake alitumwa barafuni na mdomo wa mkewe, siku ile ya kuzama, ambayo hata mbwa walikataa kutoka. Abelone hakumjibu siku ile, na hakumsamehe kamwe. Basi nilipomwona Boas akiingia dukani asubuhi moja na koti jekundu nyuma yake, niliweka chini kopo nililoshika. Kwapani Boas alikuwa amebana chusa cha marehemu cha kuwindia sili, kile kilichoning'inia juu ya kitanda cha mtoto. Mpini wake ulikuwa wa mti uliookotwa ufukweni, na kamba yake ya ngozi ya sili aliisokota Abelone mwenyewe alipokuwa bibi harusi.

"Mpitishie huyu kadi," Boas alisema. "Hana taslimu. Zikiingia, nipe mimi."

"Unauza nini?"

"Una macho."

"Hicho si chako."

"Kiko nyumbani kwangu."

"Hata chawa yuko kichwani kwako, kichwa si chake."

Mgeni akasogeza kadi mbele. "Kuna tatizo? Kadi yangu ina pesa."

"Irudishe mfukoni kabla sijaitia motoni," Abelone alimwambia, hata hakumtazama.

Boas akapiga kaunta kwa kiganja. "Injini ya boti imekufa! Baridi ikija niwalishe nini watu wangu, hiyo mashine yako? Kaka yangu angenielewa."

"Basi tumuulize."

Abelone akanyoosha kidole dirishani, kule nje mtoto alikokuwa akirusha mawe majini.

"Mwenye mali yule pale. Akisema hauzi, wewe na huyo mgeni wako mtatoka humu na hutatia mguu tena, hata kwa chumvi."

"Na akisema auze?"

"Nitapitisha kadi kwa mkono wangu huu."

Nilikwenda kumwita. Nilijua, na kila mtu mle alijua, kwamba Abelone ameshinda. Mtoto gani angemkatalia mtu anayempa peremende kila siku?

Akaingia na kamasi zake. Abelone akamvutia kiti, akamfuta pua, akaiacha ile sauti ya ugomvi.

"Mume wangu, chusa chako hiki. Boas anataka kumpa mtu huyu akichukue kabisa. Tukiuze?"

Mtoto alikitazama kidogo tu.

"Kiuze."

"Umesikia nilivyokuuliza?"

"Nimesikia. Kiuze. Mimi sitaki kwenda tena barafuni." Akamkazia macho Abelone. "Usinitume."

Najua kwamba majira ya baridi yaliyopita Boas alikuwa amempeleka mtoto kuvua kwenye barafu, akarudi analia kwa baridi. Huenda alikuwa akisema hilo tu. Lakini Abelone hakuwahi kumtuma mtoto yule popote, hata kuleta mkate. Boas, aliyelisema zamani neno lile la kutumwa, aliinamisha kichwa, na nilimwona kabisa kwamba sasa angetoa injini na boti yenyewe ili alirudishe neno lile mdomoni.

Abelone akaivuta mashine, akaandika bei. Vidole vyake vilikosea, akafuta, akaandika upya.

"Gusa," akamwambia mgeni.

Mgeni akagusa, mashine ikalia, naye akachukua chusa na kutoka upesi bila kushangaa chochote. Noti ilibidi nizitie mimi mfukoni mwa Boas, maana hakunyoosha mkono.

Abelone alipiga magoti mbele ya kiti, akamfungia mtoto vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Sikutumi tena, mume wangu," alisema. "Kaa ule."