Bati au Turubai: Safari ya Kumfuata Dada Bhoke Musoma

Wasomaji wenzangu wa vijijini, mnivumilie kwanza. Mwandiko wangu umelala kama mtama uliopigwa na upepo, na herufi nyingine huenda nimeziweka mahali pasipo pake, kwa kuwa niliishia darasa la saba na huandika polepole sana. Mbele ya watu sauti yangu haitoki, ndiyo maana nimeshika kalamu. Jina langu ni Nyangeta, binti Makuru, wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mugeta.

Sababu ya kuondoka nyumbani ilikuwa gari. Kijiji chetu kilikuwa kimevuna pamba vizuri, na mkoa ukakubali kutupa landrova moja kati ya mbili zilizotengenezwa upya katika yadi ya Musoma. Moja ilikuwa na paa la turubai, nyingine paa la bati. Tukaambiwa tutume watu wakachague.

Mkutano wa kijiji ulikaa mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Wanaume wengi walitaka turubai, maana hukunjwa, na magunia ya pamba yanaweza kupandishwa juu upendavyo. Akina mama walitaka bati.

"Hiyo turubai mbuzi wataimaliza kabla ya Krismasi," alisema Mama Ghati, jirani yetu, ambaye wakati huo alikuwa na mimba changa.

"Na bati je?" mzee mmoja akamjibu. "Jua la saa saba mtaivaga humo kama viazi. Sisi tutakuja na chumvi tu."

Watu wakacheka. Baba yangu hakucheka. Dada yangu Bhoke alikuwa amelazwa Musoma kwa ugonjwa wa kifua. Tulimpeleka kwenye lori lililokuwa wazi, na mvua za kwanza zikampiga njia nzima, tumemfunika kwa gunia. Baba alisimama akasema maneno machache: "Mimi sisemi habari ya pamba. Nasema habari ya mgonjwa."

Mwenyekiti akasema, "Basi, Ndugu Makuru, nenda wewe mwenyewe ukachague. Na ukirudi nalo, mrudishe binti yako humo humo."

Mambo mengi yalisemwa siku ile, mvua, vumbi, pamba, mbuzi, hata ndama. Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja, na nitalieleza mahali pake.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa watatu: baba, mimi niliyekwenda kumpikia dada, na kaka Wambura, mtoto wa baba mkubwa, ambaye alijifunza udereva jeshini. Tulitembea kwa miguu mpaka barabara ya malori. Kaka Wambura alivaa viatu vyake vya jeshi na alikuwa na furaha sana. Kila tulipopita shimo alisema, "Hapa nitaingiza gia ya pili," na kwenye kilima alisema, "Hapa ya kwanza, baba mdogo, usiogope." Baba alimwambia aendeshe miguu yake kwanza.

Bunda tulifika mchana kwa lori, tukanywa chai, tukapanda basi la Musoma. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Guta aliyebeba kapu la furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa. Aliposikia habari ya gari letu aliingia katika mazungumzo bila kukaribishwa.

"Mnatoka Mugeta, huko kwenye fisi? Halafu mnafikiria turubai! Fisi akisikia harufu ya nyama anapasuaga hiyo kitu kama kanga kuukuu."

"Mama, gari halilali porini," alisema kaka Wambura.

"Likiharibika je? Au wewe ndiye dereva wa kwanza ambaye gari lake haliharibiki?"

Basi zima lilicheka, na safari hiyo baba naye alitabasamu. Akasema, "Huyu mama amenisaidia. Nachukua bati." Nafikiri tangu hapo moyo wake ulikuwa umekwisha kuamua.

Musoma tuliingia jioni. Tulifikia Kitaji, kwa Mama Nyanjura, ambaye mume wake ni mvuvi na aliwahi kufanya kazi ya kibarua pamoja na baba zamani. Alitupa ugali wa muhogo na sato, na hakutuuliza habari mpaka tuliponawa mikono. Mimi nilikula kidogo kwa aibu. Akaniambia, "Binti, hapa samaki hawahesabiwi. Kula."

Siku ya pili, asubuhi, baba na kaka Wambura walikwenda yadi nami nikawafuata, kwa sababu hospitali wageni huruhusiwa mchana. Magari mawili yalikuwa yamesimama bega kwa bega, rangi moja, kijani. La turubai lilikuwa na vyuma vilivyopinda kama mbavu, na juu yake kitambaa kizito kilichofungwa kwa kamba pembeni. La bati lilikuwa kama nyumba ndogo. Lilikuwa na madirisha ya kioo na mlango wa nyuma unaofungika. Mtunza yadi, mtu mpole aliyeitwa Ndugu Masato, alilipiga kofi.

"Hili likishafungwa limefungwa, mzee. Bolti zake ni mpaka fundi na spana zake. Mvua haiingii, vumbi kidogo tu. Ila wenzenu wa Majita wanakuja kesho mchana kuchukua litakalobaki, kwa hiyo msichelewe."

Baba aliingia ndani ya lile la bati. Akalala chali juu ya benchi, kofia yake kifuani, akatazama juu. Ndugu Masato alidhani anafanya mzaha. Mimi nilijua anapima kama dada atalala akanyoosha miguu.

"Hili," alisema alipotoka. "Kesho tunakuja kulichukua."

Mchana tulikuwa hospitali. Dada Bhoke alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini alitutambua wote na akamtania kaka Wambura kwamba viatu vyake vinanuka. Daktari alikuwa amesema tunaweza kumrudisha nyumbani akipenda, kwa sababu dawa zilizobaki angeweza kunywea huko. Wakati ule sikuelewa maana ya maneno hayo. Baba nadhani alielewa.

"Kesho unakwenda nyumbani," baba alimwambia. "Kwenye gari la bati. Hata inyeshe namna gani, tone halitakugusa. Nakuahidi, mama." Baba alizoea kumwita mama kwa sababu alipewa jina la bibi yetu.

"Lina dirisha?" dada aliuliza.

"Lina kioo."

"Basi mnilaze upande wa dirisha, nione kama ziwa linatufuata."

Nilimlisha uji. Alikunywa vijiko vichache akaniambia nimalizie mimi, maana tangu utoto nilikuwa mlafi.

Siku ya tatu, alfajiri, mtu wa hospitali alikuja Kitaji kutuita. Tulipofika dada alikuwa amekwisha kufunikwa.

Sitaandika mengi hapa.

Jua lilipopanda, tulikaa uani kwa Mama Nyanjura. Baba alisema neno moja tu, kwamba mtoto wake atazikwa nyumbani. Basi halichukui maiti, na gari la hospitali lilikuwa limekwenda Tarime. Lilikuwapo gari letu tu. Ndipo kaka Wambura alipoinamisha kichwa na kusema lile jambo ambalo mkutano mzima ulilikwepa, kwa sababu kwetu mtu hataji maiti mbele ya mwenye mgonjwa.

"Baba mdogo, nisamehe. Tukimbeba humo kwenye bati, paa lake tutalifunguaje?"

Ninyi wa makabila mengine labda hamjui. Kwetu mtu akifa ndani ya nyumba au maiti ikilala humo, baada ya mazishi wazee hung'oa nyasi za paa juu ya mahali alipolala. Paa likifunguliwa, msiba hutoka, na walio hai huweza kulala tena chini yake. Paa lisilofunguliwa halikaliwi. Nyumba huachwa mpaka ianguke yenyewe.

"Wakijua limebeba maiti na paa halikufunguliwa," kaka Wambura aliendelea, "hakuna mgonjwa atakayepanda. Hakuna mama mwenye uchungu atakayekubali. Litakuwa banda la kuku."

Mama Nyanjura alikuwa amekaa chini, mkono shavuni. "Sisi mtumbwi ukibeba maiti tunaupinduaga mchangani, tunauosha, ndipo unarudi majini," alisema taratibu. "Makuru, ndugu yangu, chukua kitu kinachofunguka."

Baba aliondoka kuelekea yadi, nasi tukamfuata.

Yadini Ndugu Masato alikuwa amekwisha kuliosha lile la bati na kuligeuza kichwa kuelekea lango. Baba alilisogelea, akaweka kiganja juu ya kioo cha dirisha. Mbingu upande wa ziwa zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

"Nipe la turubai," alisema.

"Mzee, si jana ulisema..."

"La turubai, ndugu yangu."

Ndugu Masato alinitazama mimi, akaona uso wangu, akaacha kuuliza. Alikwenda mwenyewe kukaza kamba za turubai, moja moja.

Butiama tulifika mchana. Tulipitia njia hiyo kumchukua shangazi Wankuru, dada wa baba, ambaye ameolewa huko. Tulikuwa tumemlaza dada juu ya mkeka, amevikwa shuka na blanketi, nami nimekaa sakafuni upande wa kichwa. Shangazi alilia mpaka majirani wakatoka. Kisha akaona paa.

"Makuru! Mtoto aliyepigwa na mvua wakati wa kwenda, na kurudi pia unamleta chini ya kitambaa? Bati hawakuwa nalo huko?"

Baba alikuwa amekaa mbele. Hakugeuka. Kaka Wambura alishuka, akamvuta shangazi pembeni, akamweleza. Shangazi alirudi ndani, akatoka na kanga zake zote, akapanda nyuma pamoja nami.

Njiani kuelekea Nyamuswa mvua ilitukuta. Kaka Wambura hakutaja gia wala kilima. Maji yalijikusanya juu ya turubai kati ya mbavu za chuma, likavimba likashuka kama tumbo la ng'ombe, na matone yakaanza kupenya mahali lilipovimba, sawasawa juu ya dada. Shangazi alitandaza kanga. Mimi nilisimama, nikainua turubai kwa viganja na kwa kichwa, maji yakamwagika nje. Yakajaa tena, nikainua tena. Mikono ilikufa ganzi. Shangazi aliniambia, "Pumzika, nishike mimi," nami nikakataa kwa kichwa kwa sababu sauti haikutoka. Kupitia kioo kidogo cha nyuma ya dereva nilimwona baba. Alikuwa ametoa mkono wake nje dirishani, umenyooka kwenye mvua, na hakuurudisha ndani mpaka tulipofika.

Nyumbani tuliingia jioni. Watu waliokuwa wamejipanga kulipokea gari kwa vigelegele waliona kanga zimetandazwa ndani, wakaelewa.

Siku ya baada ya mazishi, asubuhi, wazee walikuja kwenye gari. Baba alipewa kamba ya kwanza aifungue, kwa kuwa msiba ni wake. Fundo lilikuwa limeloa na kukaza, akahangaika nalo kwa meno. Kisha wengine wakafungua zilizobaki, turubai likashushwa, likapelekwa mtoni kuoshwa, likaanikwa juani juu ya uzio wa miiba. Gari lilibaki wazi, mbavu zake tupu, upepo ukipita.

Pamba ilipoanza kuchanua tena, Mama Ghati alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Alipanda lile gari bila kusita, akalala sakafuni mahali pale pale alipolala dada, na kaka Wambura akamfikisha Bunda. Alirudi na mtoto wa kike. Wakati wa mavuno magunia yalipakiwa juu kuliko kichwa cha mtu, na katika mkutano mwenyekiti alimshukuru baba kwa akili ya kuchagua turubai, akasema Ndugu Makuru aliona mbali kwa ajili ya pamba yetu. Watu walipiga makofi. Baba alisimama, akaitikia kwa kichwa, akakaa. Akiwa na safari ya Bunda, hutembea kwa miguu. Wakimwita apande husema amezoea.

Nilichojifunza katika safari hii ni kidogo, na sina hakika kama nimekishika chote. Wanaochagua paa la wote huulizana mvua itaingia wapi na mzigo utakaa wapi. Waulizane pia habari ya maiti, hata kama ulimi ni mzito, ili asije mzazi mmoja akaachiwa swali hilo peke yake asubuhi ambayo hana nguvu ya kulijibu.

Sasa nawaomba ninyi wenye magari ya kijiji mniandikie kupitia gazeti hili. Je, kwenu maiti na wagonjwa hubebwa katika gari moja? Wenye gari la bati mlifanyaje? Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma kila barua, na nitamsomea baba. Yeye hajui kusoma. Lakini tangu nilipomwambia kwamba naandika habari hii, ameniuliza mara mbili kama kuna mtu aliyejibu.