Jina Alilonyamazia Mwanangu Lamu

Mimi ni mtu wa Bungoma, na maji mengi niliyoyajua ni ya mto Nzoia. Miaka ya themanini mume wangu, karani wa serikali, alihamishiwa Lamu, akaniandikia niende nione visiwa na mchanga mweupe. Nilienda, mtoto wa wiki sita mgongoni, bado hajapewa jina la ukoo.

Mama mwenye nyumba alitupokea kwa mahamri na chai, halafu akanionya. Jua likikaribia kutua, mtu haiti jina ufuoni. Ati kuna kitu baharini kinasikiliza, na jina kikilishika hakiliachii. Mume wangu alisema hizo ni hadithi za pwani. Mimi sikucheka.

Siku ya tatu mtoto alianza kulia. Alilia tangu asubuhi, akakataa titi, akalia mpaka sauti ikakauka. Mwili haukuwa na joto. Kwetu mtoto akilia hivyo anadai jina: unataja waliokufa, mmoja mmoja, na pale atakaponyamaza, huyo ndiye amemrudia. Kazi hiyo ni ya bibi, na mama yangu alikuwa Bungoma. Nilimtoa nje apate upepo, nikajikuta ufuoni, nikaanza mwenyewe. Nikamtaja babu, nikamtaja shangazi. Analia tu. Wazee wote wakaisha, na jua lilikuwa limeshuka bila mimi kuliona.

Ndipo likanitoka jina la kaka yangu, aliyechukuliwa na Nzoia tukiwa watoto, tukivuka kutoka sokoni. Mtoto akanyamaza papo hapo. Akageuza kichwa, akatazama maji.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umemwita nani, mwanangu?"

"Kaka yangu."

"Alikufaje?"

Nikatazama maji, kama mtoto. Alimfunika mtoto uso kwa buibui lake, akasema, "Mpeleke ndani. Usilitaje tena." Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Mambo ya pwani ningeweza kuyakataa. Ya kwetu je?

Kesho yake nilitaka nyumbani. Kufika bara lazima boti, hakuna njia nyingine. Nilimfunga kifuani kwa leso mbili, mafundo matatu, ili kama ni kuzama tuzame wote. Mume wangu alinicheka, nikamwambia anyamaze, bwana, asinichokoze.

Bungoma, mama aliniuliza mtoto alinyamazia nani. Nikasema babu. Nilimdanganya mama yangu mzazi, na jina la babu ndilo mtoto alilobatizwa nalo. Mtoni sikuwahi kumtuma, hata kuchota maji. Majirani walisema namdekeza, nami niliwaacha waseme.

Sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Mwezi uliopita alinipigia simu kwa furaha: amepata shamba upande wa Kachibora.

"Liko wapi hasa?" nikamuuliza.

"Ukingoni mwa Nzoia, mama. Na unajua, nikisikia yale maji, usingizi unanishika kama mtoto mchanga."