Shangazi wa Ghorofa ya Tatu

Jengo lile lilikuwa zege tupu, halikuwahi kupigwa plasta wala rangi, na mvua ilikuwa imelichora mistari myeusi toka juu hadi chini. Chini palikuwa na maduka, katikati kituo cha redio, juu nyumba za wafanyakazi. Kutoka studio ya ghorofa ya tatu, mtangazaji waliyemwita Shangazi aliwasomea watoto hadithi kila jioni, na kicheko chake kiliwafanya waache chakula kipoe.

Kisha akapasuliwa koo, daktari akamkataza kusema. Mkuu wa vipindi alipopanda kumjulia hali, alipokelewa mlangoni na mdogo wa kike wa Shangazi, aliyekuja kumuuguza.

"Sauti ileile!" mkuu akamaka alipokaribishwa, kisha akamwambia Shangazi, "Akushikie kiti tu, dada, mpaka upone."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Alimfundisha mdogo wake bila neno: mkono juu, pumua, mkono chini, cheka. Akikosea, alipiga meza. Wakarudia mpaka kicheko kikakaa sawasawa.

Hakuna mtoto hata mmoja aliyegundua.

Shangazi alipoondolewa bandeji, sauti ilitoka na mikwaruzo. Alishuka studio hivyo hivyo.

"Wasikilizaji hawajalalamika," mkuu wa vipindi alimwambia. "Tuache kama ilivyo."

Shangazi akamgeukia mdogo wake.

"Wameshanizoea, dada."

"Wamekuzoea wewe?"

Mdogo mtu akaendelea kupanga karatasi zake.

Nyumba nayo ilikwenda na kazi, ikawa ya mdogo mtu. Shangazi akahamia chumba cha nyuma, kwani angekwenda wapi? Akaweka cherehani kwenye korido ya maduka. Siku moja mteja aliyeleta sketi alimwambia, "Kumbe unaishi na Shangazi! Una bahati. Tangu utoto sijasikia kicheko kama kile."

Akachukua futi ya kupimia. Akampima kiuno.

Miaka ikapita, redio ikahama. Studio zikageuzwa ghala la magodoro, wastaafu wakaachiwa nyumba zao. Siku ya kuagana mdogo mtu alipewa ngao ya heshima. Akapanda nayo, akaiweka mbele ya dada yake.

"Hii ni yetu sote."

"Imeandikwa jina la nani?"

"Shangazi."

"Basi kaitundike chumbani kwako."

Akaenda kuitundika. Bado wanaishi pamoja. Huambiana maji yamekatika, lifti imeharibika, basi.